Sekunde Tisa Chini ya Khanga

Saa mbili kamili asubuhi, katika kitalu kikubwa cha Muheza, watu mia mbili na arobaini waliinua vioo vyao kwa mkono wa kushoto, wakatazama.

Kila kioo kilikuwa na upana wa kiganja, chepesi kama ganda la yai. Ukikielekeza kwenye mche wako uliuona mche ule ule, na udongo ule ule ndani ya kifuko cheusi, ila juu yake ilitokea mikono miwili isiyo na mwenyewe. Ilikuwa mikono ya mwanamke mtu mzima, mishipa imetuna, na ukucha wa kidole gumba cha kulia umepasuka katikati tangu zamani. Watu waliiita mikono-kivuli. Mikono-kivuli ilishika kisu-kivuli, ikachanja gome la mlimao mchanga, mstari mmoja wa kusimama na mmoja wa kulala. Kisha ikatulia, inangoja.

Basi watu wote waliviachia vioo vining'inie shingoni kwa kamba, wakashika visu vya kweli, wakachanja kama walivyoonyeshwa. Wakainua vioo tena. Kila kioo kilikagua kazi ya mtu wake, kikasema kwa sauti ndogo ya upole, "Sawa," au kikasema, "Rudia." Zile sawa zilianza moja moja, halafu zikachanganyika kitalu kizima, kama mvua inapoanza kugusa bati.

Kazi yenyewe ilikuwa kubebesha michungwa. Unachukua jicho la mchungwa mtamu, kile kichipukizi kilicholala kwenye kwapa la jani, unakibandua na kipande cha gome lake, unakichomeka chini ya gome la mlimao, unakifunga kwa utepe wa nailoni. Mlimao unatoa mizizi migumu, mchungwa unatoa utamu, na viwili vinakuwa mti mmoja. Zamani mtu alikaa na fundi miaka miwili ndipo aaminiwe na kisu. Sasa mama aliyewahi kushika kisu cha kumenyea muhogo tu aliweza kufuata hatua zote kumi na mbili asubuhi moja.

Ilipofika hatua ya kumi na moja, utepe umeshazungushwa, mikono-kivuli ilifanya jambo lake. Ilichukua kipande cha khanga kuukuu, ikaufunika mche pamoja na mikono yenyewe. Sekunde moja, mbili, tatu, mpaka tisa. Kisha ikafunua, ikakata ncha ya utepe, kazi kwisha.

Watu mia mbili na arobaini walichukua vipande vyao vya khanga, wakafunika, wakahesabu mpaka tisa, wakafunua.

"Sawa," vioo vikasema.

Hakuna aliyejua wanafunika kwa nini. Hata Injinia Hidaya Mntangi, aliyekibuni kioo hicho, na ambaye asubuhi hiyo alikuwa amesimama mwisho wa safu na mikono nyuma, hakujua. Na kutojua huko kulikuwa kumeanza kumnyima hamu ya chakula.

Maana miche ilikuwa inakufa.

Asubuhi hiyo hiyo, yeye na msimamizi wa kitalu, Bwana Shemdoe, Msambaa mrefu mwenye mzaha mkavu, walifungua tepe za miche iliyobebeshwa siku ishirini na moja nyuma. Jicho likishika huwa la kijani, limenenepa kidogo kama mtu aliyeshiba. Walifungua la kwanza, jeusi. La pili, jeusi. La tatu la kijani, wakatazamana. La nne, la tano, la sita, yote meusi, na moja lilidondoka lenyewe kama kigaga. Katika kila kumi, saba yamekufa. Na kila moja ya hayo saba kioo kilikuwa kimelisemea sawa.

"Kioo chako, Injinia, ni kama mchumba wangu wa kwanza," Shemdoe akasema. "Kila kitu sawa, sawa, mpaka siku alipoolewa na mtu mwingine."

Hidaya hakucheka. Alikuwa anahesabu macho yaliyobaki.

Ugonjwa wa manjano ulikuwa umemaliza michungwa ya bonde lote kwa miaka sita, na kila mche uliokufa ulisingiziwa ugonjwa huo. Michungwa mama iliyosalimika ilikuwa kumi na miwili tu, imefungiwa ndani ya nyumba ya wavu na kulindwa na mashine za kupulizia hewa safi. Macho ya kukata kutoka kwao yalibaki elfu tatu, basi. Zaidi ya hapo miti mama yenyewe ingedhoofika ife. Roboti wachumaji walijaribiwa kazi hii, wakachana magome kama karatasi. Tena gome la mlimao hubanduka vizuri wakati wa mvua tu, na masika yalikuwa yamebakiza wiki sita. Wakubwa wa wilaya walikuwa wameshasema wazi kwamba awamu hii ikifa, kitalu kifungwe na bonde lipandwe mkonge wa kuvunwa na mashine. Wale mia mbili na arobaini walikuwa wameacha kazi zao nyingine kwa ahadi kwamba kila mmoja ataondoka na miche ya shamba lake. Mmoja wao, Mwanjaa, mama wa watoto watatu, alikuwa ameshachimba mashimo kumi na mawili. Yalikuwa yanajaa maji huko nyumbani na vyura wamehamia.

Kwa zaidi ya mwezi Hidaya alikuwa ameshuku kila kitu. Alibadili utepe. Alibadili maji. Alinoa visu kwa mashine ya miale mpaka vikakata unywele. Alifuta hatua ya kumi na moja kwenye vioo hamsini, watu wakafunga bila kufunika, na macho yakafa saba kwa kumi. Akaongeza muda wa kufunika ukawa sekunde tisini, yakafa saba kwa kumi. Akawauliza watu wao hufanya nini chini ya khanga, akazidi kuchanganyikiwa, kwa sababu kila mmoja alikuwa amejaza pengo hilo kwa lake. Mmoja alisoma dua. Mmoja alipuliza. Mwanjaa alikiri kwamba yeye hutaja jina la mama mkwe wake, kwa kuwa hajaona bado kitu kinachoweza kumuua.

"Na yako yanaishi?" Hidaya akauliza, kwa sababu alikuwa amefika mahali pa kuuliza hivyo.

"Yanakufa vile vile," Mwanjaa akasema. "Nadhani hayamwogopi."

Lililobaki lilikuwa kwenda kumuuliza mwenye mikono.

Miaka saba nyuma Hidaya, msichana aliyetoka chuoni juzi, alipanda kilima cha Magoroto na gari lililojaa mitambo. Huko aliishi Bi Mkunde Kihiyo, fundi wa kubebesha ambaye watu walisema hata ufagio akiubebesha utazaa. Hidaya alimzungushia macho-nasa kumi na sita, kamera ndogo kama punje za mtama, yanase kila mwendo wa kidole. Alikuwa na glavu pia, za kupima nguvu ya mkono, lakini Bi Mkunde alizikataa, akasema mkono uliovaa ni mkono uliofumba macho. Hidaya hakubishana. Alifurahi kwamba kazi iliisha kabla ya adhuhuri. Alipoona sekunde tisa za khanga aliziandika kwenye daftari: "kinga dhidi ya jua." Akashukuru, akampa bibi cheti chenye muhuri, akashuka na mikono yake ndani ya kisanduku. Hakurudi tena.

Sasa alirudi. Mlangoni alipokewa na Salama, mkaza mwana wa Bi Mkunde, mwanamke wa makamo aliyefunga kitambaa chenye unga kiunoni. Salama alimweleza kwa sauti ya chini kwamba mama siku hizi leo yupo, kesho hayupo. Akili yake inatoka matembezini na kurudi ikipenda. Asishangae.

Bi Mkunde alikuwa uani, amekaa juu ya kibao cha mbuzi bila kukuna nazi, mikono imelala mapajani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, Tunu. Umechelewa leo."

Salama akamnong'oneza Hidaya kwamba Tunu alikuwa mwanafunzi wa bibi, zamani. Hidaya akakaa chini. Hakujua aanze wapi. Bibi ndiye aliyeanza.

"Kitendawili."

"Tega," Hidaya akasema, kwa maana ukitegewa hukatai.

"Nimemfunga hana kosa. Nikilegeza anakufa, nikikaza anakufa."

Hidaya alifikiri. Mtu aliyesoma hesabu za mwanga na vivuli, akawa anafikiria kamba. "Mbuzi," akajaribu.

"Mbuzi ukimlegeza anakwenda kula mahindi ya watu. Hafi yeye, unakufa wewe."

"Mgonjwa aliyevunjika mguu."

"Nipe mji."

"Chukua Tanga, bibi."

"Tanga nilikwisha pewa zamani, kuna chumvi mno. Nipe mwingine."

"Chukua Muheza."

Bibi akamtazama kwa makini. "Muheza yako ina nini sasa?"

"Ina miche inayokufa," Hidaya akasema.

"Basi siutaki. Kaa na kitendawili chako."

Hidaya akatoa mche aliokuja nao, akauweka mbele ya bibi, akamshikisha kioo. Alimwomba atazame tu, amwambie anaona nini. Bi Mkunde alikigeuza geuza, akakisogeza karibu na pua, akakisogeza mbali. Mikono-kivuli ikatokea juu ya mche na kuanza kuchanja.

"Huyu nani?" bibi akauliza. "Anajua huyu. Ona anavyolala na kisu. Mama yangu alikuwa na ukucha kama huo, umepasuka hapo hapo." Na kidole gumba alichoshikia kioo, ukucha wake ulikuwa umepasuka hapo hapo. Salama alitaka kusema kitu. Hidaya akamgusa goti anyamaze.

Bibi akafuata hatua zote midomo ikichezacheza, kama mtu anayesikiliza wimbo anaoujua. Ikafika ya kumi na moja, mikono ikavuta khanga na kufunika. Bi Mkunde akaanza kucheka, kicheko cha tumboni kilichomtikisa mabega.

"Mjanja huyo. Anawaficha."

"Anatuficha nini, bibi?"

"Hamjampa kilemba chake."

Hapo Hidaya alihisi kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo. Kilemba alikijua, kila mtu wa pwani ile anakijua, ila alidhani ni mambo ya maseremala wa kale. Mwanagenzi akiingia kwa fundi hutoa ufito, nao ndio hodi yake. Akimaliza hutoa kilemba, kitambaa anachomvisha fundi kwa heshima mbele ya shahidi. Na kati ya hodi na kilemba, fundi humfunza kila kitu isipokuwa kimoja. Hicho kimoja hukifanya amegeuka mgongo, au amefunika. Si kwa ubaya. Ni namna ya kuhakikisha kwamba mwanafunzi atarudi.

Kioo kilikuwa hakijaleta ufito wala kilemba. Kilikuja na macho kumi na sita, na mikono ya Bi Mkunde ikakifanyia kama ilivyozoea kumfanyia mgeni yeyote. Nacho, kwa kuwa hakijui kuona haya wala kushuku, kiliichukua ile siri iliyofunikwa kikaifundisha hivyo hivyo, imefunikwa, kwa watu wote.

"Chini ya khanga kuna nini, bibi?"

"Nitajuaje mimi? Siri ya mwenyewe hiyo. Muulizeni yeye."

"Yeye ni wewe, bibi. Hiyo ni mikono yako."

Bi Mkunde aliitazama mikono ndani ya kioo, kisha ile iliyokishika. Uso wake ulipotea njia. "Mimi?" akasema. "Mimi nina wanafunzi saba. Salama, wako wapi wale wasichana? Jua limepanda, hajaja hata mmoja."

Salama akamjibu kwamba watakuja, akamsogezea maji. Baadaye, akimsindikiza Hidaya njiani, alimweleza bila hasira. Walikuwa saba kweli. Kioo kilipotoka wakaacha kupanda kilima mmoja mmoja. Nani aje kugombezwa na bibi kizee miaka miwili, na kuna kitu cha mkononi kinachosema sawa? Mama alikuwa akiwatandikia mkeka kila asubuhi. Alitandika mwaka mzima. Halafu ndipo akili ikaanza matembezi yake.

Siku ya pili Hidaya alirudi na doti ya khanga na Bwana Shemdoe wa kuwa shahidi. Khanga aliinunua kwa haraka sokoni akiangalia rangi tu, buluu yenye korosho pembeni. Shemdoe ndiye aliyesoma jina lake ndani ya gari: "Nimechelewa lakini nimefika." Akasema hata khanga zinamjua Injinia.

Lakini siku hiyo Bi Mkunde hakuwepo. Alikuwa amekaa pale pale juu ya kibao, macho yako wazi, na alipoona watu wanakuja na nguo mpya imekunjwa akauliza nani amekufa. Hidaya akajibu hakuna. Bibi akauliza tena. Hidaya akasimama na khanga mikononi, hajui hata inatolewaje. Alikuwa amesoma vitabu vingi na hakuna kilichokuwa na ukurasa huo.

"Piga magoti," Shemdoe akamwambia kwa upole, na safari hii hakufanya mzaha. "Babu yangu alikuwa seremala. Unapiga magoti, unamfunga kichwani mwenyewe, unasema umekuja kuomba ruhusa."

Hidaya akapiga magoti juu ya vumbi. Akamfunga Bi Mkunde kilemba, vibaya, upande mmoja ukaning'inia sikioni. Akasema, "Fundi, nimekuja kuomba ruhusa."

Bibi aliinua mkono, akaigusa ile khanga mpya kichwani, akaipapasa mkunjo kwa mkunjo mpaka kwenye ncha iliyoning'inia. Macho yalibaki mbali kule kule. Lakini vidole viliporudi mapajani vilikuwa si vile vilivyolala. Vilikuwa vinatafuta kitu. Hidaya akaweka mche mbele yake, na kisu, na tawi lenye macho, na utepe.

Mikono ile ikafanya kazi. Ilikuwa imezeeka kuliko ya kwenye kioo, lakini haikukosea. Ikachanja, ikabandua jicho, ikachomeka, ikazungusha utepe kutoka chini kwenda juu. Kisha Bi Mkunde akavuta upande wa khanga yake ya kiunoni, akafunika.

"Lete mkono," akasema.

Hidaya akaingiza mkono wa kulia chini ya nguo. Kwa wa kushoto alikuwa amekiinua kioo, kinase.

"Yote miwili."

Akakitazama kioo. Miaka saba kilikuwa hakijatoka mkononi mwake kwenye kazi hata mara moja. Akakiweka chini, kioo juu ya vumbi, akaingiza mkono wa pili.

Chini ya khanga Bi Mkunde hakuugusa mche kabisa. Alikishika kidole gumba cha Hidaya. Akakizungushia utepe, raundi ya kwanza, ya pili, ya tatu, akivuta, akivuta, mpaka damu ikaanza kugonga kwenye ncha ya kidole, dundu, dundu, na Hidaya akauma mdomo. Hapo bibi akasita. Akaurudisha utepe nyuma kiasi cha upana wa ukucha. Mdundo wa damu ukatulia. Haukuisha, ulibaki mbali, kama mtu anayetembea chumba cha pili. Utepe umeshika kila mahali na haujabana popote.

"Umesikia?"

"Nimesikia."

"Umesikia nini?"

Hidaya alitafuta neno. "Kama kinapumua."

"Haya. Na wewe mfunge hivyo hivyo. Usimtazame."

Hidaya akaulegeza utepe wa kwenye mche chini ya khanga, akaufunga upya bila kuuona, akiutafuta kwa vidole mkazo ule ambao kidole chake mwenyewe kilikuwa bado kinaukumbuka. Alikaza, akarudisha kiasi cha ukucha; kumbe hizo ndizo zilizokuwa sekunde tisa. Kitu kikamjia kutoka jana.

"Ni jicho," akasema. "Nimemfunga hana kosa. Ni jicho la mchungwa."

"Ulikuwa na miji miwili ukaimaliza yote kwa swali rahisi namna hiyo," Bi Mkunde akasema, kisha akauliza tena nani amekufa.

Miche thelathini Hidaya aliifunga peke yake siku iliyofuata, bila kioo. Wakati wa kungoja hakukaa bure. Alijaribu kukifundisha kioo. Alipima mkazo wa utepe kwa mtambo, akapata namba. Akapima mche mwingine mnene zaidi, namba ikawa nyingine. Akapima asubuhi na mchana mti ukiwa umekunywa maji, namba zikatofautiana. Akapiga picha utepe uliokazwa kupita kiasi na utepe uliofungwa vizuri, akaziweka sambamba mbele ya akili ya kioo, ile akili-unde iliyosomea picha milioni za tepe. Ikamjibu kwamba picha hizo ni moja. Na kweli, hata yeye kwa macho hakuona tofauti. Jambo lililokuwa likiua miche, mkazo wa utepe, lilikuwa mbele ya vioo vyote muda wote, na halikuwa la kuonekana.

Siku ya ishirini na moja alifungua tepe na Shemdoe. Shemdoe alisahau kutania. Ishirini na saba yalikuwa ya kijani.

Zilibaki wiki tatu za mvua. Hidaya alimfunga Shemdoe kidole, chini ya khanga. Akamfunga Mwanjaa, ambaye alisema ah, kumbe ndivyo, mama mkwe hakuhusika. Mwanjaa akamfunga jirani yake, na jirani akamfunga wa pili, na kitaluni kukawa na watu wawili wawili wamejifunika nguo, wanagombana kwa sauti za chini. "Umekaza, unaniua." "Sasa?" "Umelegeza, sikusikii." "Sasa?" "Hapo. Usiguse. Hapo." Waliokosea walionekana kwa vidole vya zambarau, wakachekwa mpaka wakafungwa upya. Ilichukua siku kumi na mbili vidole mia mbili na arobaini kujua. Wakakata yale macho yaliyobaki, wakayafunga yote kabla mvua haijakatika.

Vioo havikutupwa. Hatua nyingine zote vinafundisha vizuri, tena kwa subira kuliko binadamu. Ila Hidaya aliiandika upya ya kumi na moja. Mikono-kivuli ikifunika khanga, kioo kinakuwa cheusi, na ile sauti ndogo inasema: "Niweke chini. Mpe mwenzako kidole."

Mvua zilipokwisha na macho mengi ya kitalu yameshika, Hidaya alipanda Magoroto na mche mmoja. Jicho lake lilikuwa limeshatoa majani mawili. Alikuta Bi Mkunde amevaa ile khanga ya buluu kichwani. Salama akasema haivui, hata kulala analala nayo, na ukimuuliza kapewa na nani anasema yeye ndiye aliyeinunua, ya kumpelekea mtu.

"Shikamoo, fundi."

Bibi akamtazama bila kumjua. Alimtazama kwa haya, kama msichana aliyeingia nyumba ya watu. Hidaya akamwonyesha mche. Bi Mkunde akayagusa majani yale mawili, akaugusa utepe, akavuta pumzi.

"Nimejaribu," akasema taratibu. "Yangu yanakufa. Sijui nakosea wapi. Nionyeshe."

Hidaya akamgeukia Salama, na Salama akageuza uso. Hakukuwa na wa kumuuliza. Basi akakaa kwenye vumbi mbele ya bibi, akatoa kipande cha utepe mfukoni, akavuta upande wa nguo yake, akafunika mikono yao minne. Akakishika kile kidole chenye ukucha uliopasuka. Kilikuwa kikavu na chepesi. Akazungusha mara moja, mbili, tatu, akivuta kwa woga, na mpaka leo hajui kama mtu anaruhusiwa kufanya hivyo kwa fundi wake.

"Kaza," Bi Mkunde akasema. Alikuwa amefumba macho. "Kaza kidogo. Sasa mpe pumzi. Kidogo tena." Hidaya akarudisha kiasi cha ukucha. "Hapo."

"Hapo?"

"Hapo hapo, mama. Nimesikia."

Alikaa hivyo kwa muda, amefumba macho, kidole kimefungwa. Kisha akautoa mkono wa pili chini ya nguo, akaupeleka kichwani, akaifungua ile khanga ya buluu mkunjo kwa mkunjo. Akapiga magoti, kwa shida, Salama akikimbilia kumshika. Akanyoosha mikono, akaanza kumfunga Hidaya kilemba.

Hidaya hakujua akatae au apokee. Akainamisha kichwa.